Tonamenti za poka mtandaoni: hesabu blaindi zako, achana na ile namba ya chipu

Kuna siku nilikaa kwenye tonamenti masaa matatu na nusu nasubiri karata nzuri. Natupa, natupa, natupa. Watu wanatolewa mimi nipo tu, najiona mjanja kweli kweli, nikicheki lobi (ukurasa wa taarifa za tonamenti) naona tumebaki mia na kidogo, tulianza mia tisa, nikasema leo ni leo. Alafu zikaja, Esi mbili! Nikasukuma zote (chipu zangu zote katikati), jamaa akakoli, yaani akalipa dau langu, na Jeki mbili, nikashinda. Unajua baada ya kushinda nilikuwa na ngapi? Blaindi 8, pamoja na zilizokuwa katikati (blaindi ni dau la lazima ambalo watu wawili wanaweka kila mgao, ndogo na kubwa, na hapa nahesabu kwa ile kubwa). Maana wakati zile Esi zinafika nilikuwa nimebakiwa na blaindi 3, sasa blaindi 3 hata ukizizidisha mara mbili unapata nini? Raundi mbili mbele niko nje na sijaona hata senti.

Esi mbili zinakuja mara 1 kwa kila migao 221. Ukiweka na Kingi mbili na Kwini mbili bado ni mara 1 kwa migao 73 hivi. Na blaindi hazikusubiri, zinapanda kila baada ya dakika kadhaa. Kwa hiyo mtu anayekuambia siri ya tonamenti ni uvumilivu amekuambia nusu tu, nusu nyingine ni kujua lini uvumilivu umeisha muda wake, na hiyo unaijua kwa kuhesabu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua chipu zako gawa kwa blaindi kubwa. Una 30,000 na blaindi ni 100/200? Una 150, wewe tajiri, tulia. Una 30,000 hizo hizo na blaindi ni 1,000/2,000? Una 15, na mchezo unaotakiwa kuucheza sasa ni mwingine kabisa ingawa namba kwenye skrini haijabadilika. Programu nyingi zina sehemu kwenye mipangilio ya kuonyesha staki (chipu zako zote) kwa blaindi badala ya chipu, iwashe kabla hujaendelea kusoma. Siku ya kwanza nilipoiwasha niliona kama nimevaa miwani.

Kabla ya kukaa mezani

Nitapita haraka hapa ila usiruke. Kwanza hakikisha sheria ya unapoishi inaruhusu na umri unao, na hela unayoweka iwe ni ile ambayo ikipotea yote unalala usingizi. Pili angalia muundo wa tonamenti: kila ngazi ya blaindi ni dakika ngapi na unaanza na blaindi ngapi. Zile za tabo (za mwendo kasi) blaindi zinakimbia, dakika 5 au chini ya hapo, humo ufundi wa baada ya flopu (karata tatu za kwanza za wazi mezani) haukusaidii sana, anayejua lini asukume zote ndo anakula. Ukitaka nafasi ya kufikiri tafuta zenye ngazi ndefu. Angalia pia makato: kiingilio kikiandikwa 10 + 1 ile 1 inaenda kwa wenye tovuti, haiingii kwenye zawadi.

Alafu swala la mfuko, hela uliyotenga kwa ajili ya poka. Watu wengi wanaweka hela, wanaingia tonamenti tano kubwa, wanapigwa zote wanasema mchezo umepangwa. Haujapangwa mzee. Fanya hesabu hii: ukiingia zote mara 5 kwenye tonamenti moja na kila mara wewe ndo una faida kubwa, asilimia 80, uwezekano wa kutoka salama mara zote tano ni kama asilimia 33 tu. Yaani umecheza vizuri kila mara na bado kwenye tonamenti mbili kati ya tatu unatoka. Ndo maana wenye uzoefu wanataka mfuko wa viingilio 100 na kuendelea, na kama unapenda zile za watu maelfu basi 200 au zaidi. Ukiona nyingi, shuka kwenye viingilio vidogo, hakuna aibu.

Mwanzoni, ukiwa na blaindi 60, 80, 100

Hapa ndo uvumilivu una kazi yake. Poti (chipu zilizo katikati) bado ndogo, hakuna cha maana cha kuiba, na kuna watu wameingia kwa fujo wanataka wazidishe chipu au watoke wakalale. Waache wafanye kazi yao. Wewe ingia na karata nzuri, na ukiingia pandisha dau mwenyewe, usiwe mtu wa kukoli koli tu blaindi kubwa kuangalia flopu. Ukipandisha unaweza kushinda papo hapo wote wakitupa, ukikoli tu huna hiyo njia.

Jozi ndogo ndogo kama 4-4 au 6-6 hapa zina thamani, kwa sababu flopu ikileta ya tatu yake unaweza kumla mtu staki nzima. Ila hiyo ya tatu inakuja kama mara 1 kwa kila 8 au 9, kwa hiyo inalipa tu kama wewe na mwenzako wote mna chipu nyingi nyuma. Ukiwa na blaindi 15 kukoli na 4-4 eti unatafuta ya tatu ni kuchoma hela, hapo jozi hiyo hiyo ni ya kusukuma zote au kutupa. Unaona sasa? Karata ni zile zile, blaindi ndo zimebadilika.

Nafasi ya kukaa nayo. Anayeamua mwisho anaona wenzake wamefanya nini kwanza, na hiyo ina thamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2007 yule dada wa Norway, Annette Obrestad, alishinda tonamenti ya mtandaoni ya watu 180 bila kuangalia karata zake, alisema alichungulia mara moja tu. Alikuwa anacheza nani yuko wapi, ana chipu ngapi na anaonyesha uoga au nguvu. Mwaka huo huo akachukua ubingwa wa WSOP Europe (tawi la Ulaya la mashindano ya dunia ya poka) kule London akiwa na miaka 18. Sikuambii ufunge macho, nakuambia tu kwamba ukiwa kwenye batani (nafasi inayoamua mwisho baada ya flopu) karata zako zinakuwa nzuri zaidi ya zilivyo, na ukiwa wa kwanza kuongea zinakuwa mbaya zaidi. Esi na 8 zisizo za alama moja, wa kwanza kuongea mezani watu tisa, tupa bila kuwaza. Kwenye batani wote wametupa, pandisha.

Anti zikianza, amka

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo wengi wanafia, wanakufa polepole bila hata kujua kama mimi na zile Esi zangu.

Tuseme blaindi 500/1,000 na kila mtu kati ya nane anatoa anti (mchango mdogo wa lazima kila mgao) ya 125. Kabla mtu hajafanya chochote katikati kuna 2,500. Yaani kila mzunguko mmoja ukikaa kimya unatoa 2,500 kutoka kwenye staki yako, blaindi mbili na nusu. Ukiwa na 20,000 una mizunguko nane tu ya kuishi, na katikati hapo blaindi zitapanda. Huo ndo mwenge unaokuunguza makalio.

Sasa geuza upande wa pili. Upo kwenye batani, wote wametupa, unapandisha mpaka 2,200. Unahatarisha 2,200 kupata 2,500. Ikifanikiwa mara 47 kwa 100 tayari umerudisha gharama, hata kama kila ukikoliwa unatupa moja kwa moja, na huwezi kuwa unatupa kila ukikoliwa. Kwa hiyo unatakiwa uibe na karata nyingi kuliko moyo wako unavyotaka. Usipandishe mara tatu au nne kama watu wa zamani, mara 2 mpaka 2.3 ya blaindi kubwa inatosha, kazi inafanyika ile ile na ukipandishiwa juu unatupa kwa bei nafuu.

Na kwenye blaindi kubwa jilinde. Blaindi 100/200, anti jumla 200, mtu kapandisha mpaka 440. Katikati kuna 940, wewe unaongeza 240 tu. Unahitaji kushinda kama mara 1 kwa 5 ili isikugharimu, na karata kama 9-7 za alama moja au Kwini na 10 zinafikisha hiyo bila shida. Watu wanatupa hapo kisa "karata sio nzuri", wakati bei yenyewe ni ya bure. Ila kuona flopu sio ndoa, ukikosa kabisa na jamaa akaendelea kuweka dau, tupa uende zako.

Blaindi 15 mpaka 25

Ukiwa hapa una silaha moja kubwa kuliko zote: kusukuma zote juu ya mtu aliyepandisha. Jamaa wa batani kapandisha blaindi 2.2, unajua anaiba maana kwenye batani anapandisha karibu kila mara. Wewe uko kwenye blaindi na staki ya 18. Ukisukuma zote na akitupa umechukua kama blaindi 4 na nusu, robo ya staki yako, bila kuonyesha karata. Hapa napenda Esi na kitu kizuri, jozi za katikati, Kingi na Kwini. Na lazima umchague mtu: asiyejua kutupa usimfanyie mchezo huu, kwa huyo subiri karata za kweli. Na aliyepandisha akiwa wa kwanza kuongea usimfanyie pia, huyo kwa kawaida anazo.

Kitu kimoja watu wanachanganya, kusukuma na kukoli sio sawa hata karata zikiwa zile zile. Anayesukuma ana njia mbili, wenzake watupe au karata zake zishinde. Anayekoli ana njia moja tu. Kwa hiyo Esi na 6 unaweza kuisukuma kwenye batani ukiwa na blaindi 10 kwa amani kabisa, lakini ukikoli nayo sukumo la mtu mwingine wa blaindi 10 aliyekuwa wa pili kuongea unajipeleka mwenyewe.

Blaindi 10 kushuka

Hapa acha ubunifu. Kama wote wametupa mpaka kwako ni zote au tupa, kupandisha nusu nusu alafu ukatupa ni kumwaga robo ya maisha yako. Kwenye batani na blaindi 10 na anti zipo, sukuma Esi yoyote, jozi yoyote, Kingi nyingi, na karata kubwa zinazofuatana kama Kwini-Jeki au Jeki-10. Kwenye blaindi ndogo ukibaki wewe na blaindi kubwa tu, sukuma zaidi ya hapo. Ukiwa wa kwanza kuongea bana, kuna watu saba nyuma yako. Chati za hizi zipo nyingi tu za bure, zisome nje ya mchezo mpaka ziingie kichwani, sio uzifungue wakati unacheza maana tovuti nyingi zinakataza msaada wa aina hiyo mchezo ukiendelea na akaunti inaweza kufungwa.

Mstari wangu mwekundu ni blaindi 6. Chini ya hapo wenzako wanakoli na chochote kwa sababu bei ni ndogo, kwa hiyo ile njia ya kwanza ya kushinda, watupe, imekufa. Sukuma ukiwa bado unatisha.

Babo, na kwa nini chipu sio hela

Babo ni pale wamebaki watu wachache watolewe ndo hela zianze. Kila mtu ghafla anacheza kama amebeba mayai. Kama una staki kubwa hapa ndo siku yako, pandisha kila mara kwa wale wa katikati, hawawezi kukujibu. Kama uko katikati jiepushe na mtu mmoja tu, yule mwenye chipu nyingi kuliko wewe, maana ndo anayeweza kukutoa. Na wale wadogo wawili watatu wenye blaindi 3 wanakufanyia kazi, waache watangulie.

Sababu yake ni hesabu, sio uoga. Tuseme wamebaki watatu, zawadi ni 50, 30 na 20. A ana chipu 5,000, B 3,000, C 2,000. Ungedhani A mwenye nusu ya chipu ana nusu ya hela. Ukipiga hesabu ya ICM, ile inayogeuza chipu kuwa hela kwa uwezekano wa kila mtu kumaliza wa kwanza, wa pili au wa tatu, A ana 38.4, B 32.8 na C 28.9. C ana asilimia 20 ya chipu lakini karibu asilimia 29 ya hela! Chipu unazopoteza zinauma kuliko zinavyofurahisha zile unazopata, kwa hiyo kukoli zote karibu na hela kunataka karata bora kuliko kawaida, wakati kusukuma kwa mtu anayeogopa kunakuwa kutamu zaidi.

Kwenye satelaiti hii inafika mwisho kabisa. Satelaiti zawadi ni tiketi ya kuingia tonamenti kubwa zaidi, na tiketi zote ni sawa, wa kwanza na wa kumi wanapata kile kile. Tiketi 10, mmebaki 11, wewe una chipu za kutosha na wawili wako hoi, mtu mwenye staki kubwa kuliko yako kasukuma zote na wewe umepewa Esi mbili: tupa. Ndio, tupa Esi. Mkono utatetemeka ila tupa. Na usizidharau satelaiti, Chris Moneymaker mwaka 2003 aliingia satelaiti ya mtandaoni ya dola 86, akapata kiti cha dola 10,000 kwenye WSOP kule Las Vegas, akawashinda watu 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata walioingia walikuwa 2,576.

Zile za baunti, ambazo kila mchezaji ana zawadi juu ya kichwa chake kwa atakayemtoa, ni kinyume. Aina ya kawaida sa hivi ukimtoa mtu nusu ya baunti yake unapewa taslimu, nusu inaongezwa kwenye kichwa chako. Humo koli kwa upana zaidi pale unapomzidi mtu chipu, kwa sababu kuna hela ya ziada juu ya meza. Ila angalia vizuri, kama yeye ndo anakuzidi wewe hakuna baunti unayoweza kuchukua mgao huo, wewe ndo mzigo.

Meza ya mwisho

Kabla mgao wa kwanza haujaanza angalia vitu viwili, ngazi za zawadi na staki za wote. Kisha jiulize nani anaogopa kupanda ngazi. Mkibaki wawili kumbuka batani ndo blaindi ndogo, anaongea wa kwanza kabla ya flopu na wa mwisho baada yake, kwa hiyo pandisha karibu karata zote ukiwa hapo. Wengi wanafika hapa wamezoea kutupa masaa manne, wanaliwa blaindi moja moja mpaka wanaisha.

Mambo ya skrini

Usifungue tonamenti sita kwa mpigo kisa umeona mtu anafanya. Anza na mbili. Muda wa ziada wa kufikiri utunze kwa ajili ya babo na meza ya mwisho, usiutumie kwenye Kwini na 4. Chaji iwe imejaa na intaneti ya akiba iwepo, ukikatika tonamenti haikusubiri, muda ukiisha karata zako zinatupwa na blaindi zinaendelea kukatwa. Tovuti nyingi zina mapumziko ya dakika 5 kila saa kwenye dakika ya 55, nenda chooni wakati huo.

Na ukipigwa kwa karata ya tano, Esi zako zimevunjwa na Kwini mbili, inauma ndio, lakini mwenye jozi kubwa dhidi ya jozi ndogo anashinda kama 81 kwa 100, hizo 19 zina siku zake. Mimi nikihisi kichwa kimepata moto natupa mzunguko mzima bila kuangalia. Inagharimu blaindi mbili na nusu, nafuu kuliko staki nzima.

Ukimaliza usifungue nyingine hapo hapo. Pakua historia ya migao, chuja ile uliyokuwa na blaindi kati ya 8 na 20, wote wametupa mpaka kwako ukiwa kwenye batani au jirani yake, na wewe ukatupa. Zihesabu. Mimi ile ya siku ya Esi nilipoifungua nilikuta 14, na kwenye hizo 14 kulikuwa na Esi-9, Esi-5, Kingi-Jeki na jozi ya 4-4 mara mbili.